Nilichojifunza kwa Waayalandi wa Cricklewood

Katika jumuiya yetu ya Waswahili wa London kumezuka mzozo wa fedha na, kama ilivyo kawaida ya mizozo ya fedha, umeletwa kikaoni kwa jina la utamaduni. Tuna akiba iliyotokana na michango ya miaka. Upande mmoja unataka ifanyiwe tamasha moja kubwa: ukumbi wa maana, mwimbaji wa taarab aletwe kutoka Unguja, watoto wavalishwe kanga na vikoi, picha zipigwe. Upande wa pili unataka fedha hizo zikodi chumba kila Jumamosi, watoto wafundishwe ngoma, fidla na dumbaki. Mimi nimo katika upande wa pili. Mkutanoni binti mmoja aliyezaliwa hapa aliniambia kwa adabu, "Ami, darasa halimvutii mtu. Watu wanataka kitu cha kukiona." Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, kwani mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Jawabu refu ni hili, na asili yake si Unguja. Nililipata kwa Waayalandi.

Nilifika London mwishoni mwa miaka ya themanini, kijana wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, nikiwa na fidla niliyokuwa nikiipigia katika kikundi cha taarab cha mtaani na sanduku la nguo ambazo hazikuweza kitu mbele ya baridi ya Januari. Baada ya kusafisha maofisi usiku kwa muda, nilipata kazi ya kutunza ukumbi wa parokia moja ya Kikatoliki kaskazini-magharibi ya jiji, pande za Cricklewood. Padri aliyeniajiri hakuniuliza dini yangu. Aliniuliza kama naogopa ngazi, maana taa za dari zilikuwa juu sana na mtunzaji aliyenitangulia alikuwa mzee.

Kilburn, Cricklewood na Willesden zilikuwa bado ni mitaa ya Waayalandi. Wengi walikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili: wanaume kuchimba mitaro na kujenga nyumba na barabara, wanawake kuuguza wagonjwa hospitalini. Alfajiri ungewaona vibarua wamejipanga kando ya barabara kuu wakingoja magari ya makontrakta. Jioni watoto wao na wajukuu wao walikuja ukumbini kwangu na viatu vyao vya dansi ndani ya mifuko ya plastiki.

Darasa la dansi lilikuwa mara mbili kwa wiki. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye redio ya kaseti na bati tupu la biskuti. Bati liliwekwa mlangoni, na ada ilitumbukizwa humo kabla mtoto hajavua koti. Baba akiwa hana kazi wiki ile, mama wa mtoto alipita bila ya kuangalia bati, na mwalimu akaandika kitu nyuma ya daftari la mahudhurio asiseme neno. Sikumsikia hata siku moja akimdai mtu mbele ya wengine. Lakini daftari halikukosa kufunguliwa, na mtoto aliyekosa mara mbili mfululizo nyumbani kwao simu ililia.

Na alichofundisha hakikuwa na raha ya kutazama. Mgongo wima, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele, kazi yote iko kwenye miguu. Kila hatua ya dansi ya Kiayalandi hujifunzwa kwanza kwa kuanzia mguu wa kulia, kisha ileile irudiwe kwa kuanzia wa kushoto, na mama yule hakumpeleka mtoto mbele mpaka mguu wa kushoto uwe sawa na wa kulia. Miezi ilipita kwa dansi mbili tu, rili moja nyepesi na jigi moja. Hakuna nguo za kumetameta, hakuna jukwaa. Wazazi walikaa nyuma na vikombe vya chai wakisimuliana habari za kwao, na nadhani nusu yao walikuja kwa ajili ya chai ile kuliko dansi.

Nilijiuliza kwa nini hawachoki. Baadaye nikafahamu kuwa nyuma ya mama yule na bati lake kulikuwa na utaratibu mkubwa. Iko tume iitwayo An Coimisiún le Rincí Gaelacha, iliyotokana na jumuiya ya lugha ya Kiayalandi, Conradh na Gaeilge, karibu na mwaka 1930. Ndiyo inayowapa walimu na waamuzi vyeti na kupanga mitihani kwa ngazi. Mtoto aliyefaulu ngazi fulani Cricklewood, wazazi wakihamia Boston au Melbourne, ataingia darasa la huko na kuendelea pale alipoachia. Nilipoambiwa hivyo niliona wivu. Ngoma yetu ya msewe, kidumbaki chetu, hata namna ya kushika upinde wa fidla, kila mwalimu wetu anakufa na mtaala wake kichwani.

Kulikuwa na kesi ya sakafu, na mimi ndiye niliyeileta. Viatu vigumu vya dansi ile vina ncha na visigino vya kugonga, na baada ya muhula mmoja rangi ya mbao za ukumbi ilikuwa imechubuka vibaya. Nilitoa taarifa, kamati ya parokia ikakutana, wako waliotaka viatu vigumu vipigwe marufuku. Wazazi hawakugomba. Wiki iliyofuata baba watatu, wote wajenzi, walikuja na mbao za plaiwudi, wakazikata, wakazipiga msasa, wakazitilia bawaba ili zikunjike na kuhifadhiwa chini ya jukwaa. Tangu siku hiyo kazi ya kuzitandika ikawa yangu, na kutoka hapo nikawa mtu wao. Mtu akitaka jamii imkubali, naona, apewe kitu cha kubeba.

Halafu ikaja ile jioni ya tarehe 30 Aprili 1994. Mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalifanyika Dublin, na katika mapumziko, wakati kura zinahesabiwa, wakatokea Michael Flatley na Jean Butler na safu ya wachezaji, kwa muziki wa Bill Whelan. Dakika kama saba tu. Ndiyo Riverdance hiyo, ambayo mwaka uliofuata ikawa onyesho kamili na kuzunguka dunia. Wiki ile ukumbini watu wazima walizungumza kama waliofaulu mtihani. Wanaume niliowajua kwa ukimya wao walinieleza, mimi Mzanzibari, namna wachezaji wote walivyogonga chini kwa pamoja.

Muhula uliofuata foleni ilitoka nje ya mlango. Walikuja watoto ambao hawakuwa na bibi Mwayalandi wala jirani Mwayalandi. Mwalimu aliongeza siku, akaleta msaidizi, nami nikatandika plaiwudi mpaka mgongo ukaniuma. Ilipofika Krismasi wengi walikwisha kuondoka, kwa sababu waliyemtaka ni Flatley, na walichopewa ni mguu wa kushoto. Lakini wachache walibaki, na miongoni mwa wachache hao walikuwamo wasichana wawili wenye asili ya Jamaika ambao baada ya miaka michache ndio waliokuwa wakiwashika mikono watoto wadogo.

Kwa hiyo simdharau yule binti wa mkutanoni. Onyesho huita watu, na mimi nimeona likiita. Ila watu walioitwa walikuta mlango uko wazi, mwalimu yupo, daftari lipo, sakafu ipo, na vyote hivyo vilikuwapo miaka mingi kabla ya jioni ile ya Dublin. Lingekuja onyesho peke yake, watu wangepiga makofi mbele ya televisheni na kwenda kulala. Isitoshe, hao nyota wawili wenyewe wamezaliwa Marekani: Flatley ni mtoto wa Chicago, Butler wa New York. Walitoka katika kumbi kama ile yangu, kwa walimu wenye madaftari.

Sitaki mtu adhani nilikuwa nahudhuria peponi. Mara moja kwa mwaka ukumbi ulikodiwa kwa mashindano, ambayo wenyewe huyaita feshi, na siku hiyo nilitamani kuugua. Watoto wana namba vifuani, mwamuzi ana kengele mezani, akina mama wamebeba makopo ya dawa ya nywele. Miaka ile yalianza kuenea mawigi ya mawimbi na magauni mazito ya nakshi ambayo bei yake ilimtisha mtu wa kipato changu. Niliwahi kumkuta mama mmoja jikoni analia: binti yake ameshuka nafasi na yeye anaamini ni kwa sababu ya gauni la kuazima. Mwalimu wetu alimwambia kwamba waamuzi hutazama miguu. Mama hakumwamini, wala mimi sikuamini sana.

Mashindano yana faida yake. Yaliwafanya watoto wafanye mazoezi nyumbani, na yaliwakutanisha na wenzao wa Birmingham na Manchester. Sisi watu wa Unguja hatuna haki ya kuyakejeli, maana taarab yetu imekua kwa ushindani wa vilabu, Akhwan Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905 na wapinzani wake, na mpaka leo mashabiki hawajapatana. Lakini ushindani ukipewa usukani, kila mtu huishia kucheza kama aliyeshinda mwaka jana, na maskini huachwa nje na bei ya gauni. Darasa letu likianza, nitapinga sare za gharama mpaka sauti inikauke.

Fidla yangu niliiweka stoo ya ukumbi, kwani chumba nilichopanga kuta zake zilikuwa za karatasi. Usiku, baada ya kufunga, nilipiga bashrafu za taarab jikoni. Jioni moja mzee mmoja, fundi mwashi wa kutoka Sligo aliyekuwa akija kuwapigia watoto siku za mitihani, alirudi kuchukua kofia yake. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni ya wapi?"

"Ya kwetu, Zanzibar."

"Haya. Jumapili mchana njoo nayo." Akanitajia baa.

Alitaka nimwite kwa jina lake la ubatizo. Ulimi wangu ulikataa, umri wake ulikuwa wa baba yangu, basi nikamwita bwana, na yeye akacheka kila mara. Baa nayo ilikuwa mtihani kwa mtoto wa madrasa. Nilikaa ukingoni, na mwenye baa akanizoea: nikiingia tu, sharubati ya machungwa imekwisha kufika mezani. Ramadhani ya kwanza nilipopotea, waliporudi kuniona waliniuliza kama mwezi wangu umekwisha salama. Najua Waislamu wenzangu watakaosoma hapa watakunja uso. Wajue tu kwamba chama cha wanamuziki wa asili, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, kilichoundwa mwaka 1951, kina matawi London tangu miaka ya 1950, na matawi yake mengi hufundishia madarasani na kumbini ambako kuna chai tu. Watoto ninaowazungumzia hawakujifunzia baa.

Kikao chenyewe kilikuwa hivi. Watu saba wanane wameizunguka meza: fidla, filimbi za mbao na za bati, kodiani ya vifungo, banjo, siku nyingine zumari yao ya mfuko ambayo upepo wake husukumwa kwa kiwiko badala ya mdomo, na ngoma yao ya bodhrán, ambayo Mzanzibari yeyote angeiona angesema ni tari kubwa lililopewa kijiti. Hakuna anayetangaza. Mmoja anaanza lahani, wanaoijua wanaingia, wasioijua wanaweka upinde gotini na kusikiliza. Lahani ina sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa, wakizunguka mara tatu wanahamia nyingine bila ya kusimama. Wasikilizaji hawakutazamwa hata kidogo.

Kilichonitikisa ni kwamba niliufahamu muziki ule kabla sijaujua. Sisi katika taarab ya asili fidla, ganuni, udi na kodiani hufuata lahani moja, na kila mpigaji huitia mapambo yake. Nao ndivyo. Hakuna mtu aliyekuwa akipiga sauti ya pili wala ya tatu kama wafanyavyo kanisani. Na wazee wao walikuwa na sauti fulani iliyo kati kwa kati, isiyo ya juu wala ya chini, ambayo piano haina, na ambayo mpigaji wa makamu za rasti au bayati anaijua vizuri. Vijana waliotoka vyuoni waliinyoosha sauti ile. Mzee wa Sligo aliiacha ilivyo, na nilipoipata mara ya kwanza aligeuka akanitazama, akaendelea kupiga.

Kufundisha kwake kulikuwa kupiga tena. Nilikwenda na kinasa sauti kidogo, nikarekodi, wiki nzima nikasikiliza, Jumapili nikajaribu. Nikikosea hakusema kitu. Aliirudia lahani polepole mpaka kosa likajitokeza lenyewe. Mwalimu wangu wa Ng'ambo, Mungu amrehemu, angenigonga kidole.

Adabu za kikao hazikuandikwa popote na zilikuwa kali. Usipige usichokijua. Usianze lahani mfululizo. Mtu akiimba, glasi zisigongane. Alikuja mara moja kijana na gitaa, akapiga kwa nguvu juu ya kila kitu, akacheka, akaagiza kinywaji. Jumapili iliyofuata mzee alikuwa ameweka begi lake juu ya kiti kile, na kijana akakaa kaunta. Mimi nilikuwa mgeni zaidi yake, kwa rangi, kwa dini na kwa lafudhi, na begi lile lilikuwa likiondolewa nikifika. Hapo nilijifunza kwamba kuwakaribisha watu na kulinda kanuni ni kazi moja. Tunapobishana kama watoto wa Kijamaika au wa Kipolandi waruhusiwe katika darasa letu la ngoma, mimi nasema waje, wavue viatu mlangoni kama wenzao, na wasikilize kabla ya kugusa ngoma.

Suala hili limerudi mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2020 msichana Mmarekani Mweusi kutoka Virginia, Morgan Bullock, alijirekodi akicheza hatua za Kiayalandi kwa muziki wa kisasa wa Wamarekani Weusi, na video ikasambaa dunia nzima. Wapo waliomshutumu kuwa anachukua utamaduni usio wake. Jawabu la Ayalandi lilikuwa kumkaribisha: kampuni ya Riverdance ilimwalika jukwaani na Waziri Mkuu wa nchi akampongeza hadharani. Miaka mingi kabla yake, katika shule moja ya msingi ya Bronx, New York, mwalimu wa muziki kutoka Dublin aliwafundisha dansi hiyo watoto Weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, na kikundi chao, Keltic Dreams, kikafika kucheza Ayalandi kwenyewe.

Nilimuuliza mzee wangu siku moja, tukiwa tunangoja basi, kama haoni ajabu muziki wa Sligo kupigwa na mtu wa Zanzibar. Alifikiri, akasema: "Aliyenifundisha mimi alijifunza kwa sahani ya santuri iliyotoka New York." Basi likaja. Ilinichukua muda kujua alichokuwa akisema.

Mwaka 1916 mama mmoja mwenye duka la sahani New York, Ellen O'Byrne, alichoka kuulizwa muziki wa nyumbani usiokuwako. Alikwenda kwa kampuni ya Columbia akawaahidi kununua nakala 500 wakirekodi wapigaji wa Kiayalandi. Wakarekodi banjo na kodiani, na nakala zikaisha. Miaka michache baadaye, mwaka 1921, Michael Coleman, mpigaji fidla wa Sligo aliyehamia Marekani, alianza kurekodi, na sahani zake zikasafiri kurudi Ayalandi, zikasikilizwa jikoni kwa watu mpaka wapigaji wa kule kule alikotoka wakaanza kumuiga. Chicago nako, Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji huo kati ya 1901 na 1905, alikusanya lahani kutoka kwa wahamiaji wenzake na mwaka 1903 akachapisha kitabu chenye lahani 1,850. Yeye mwenyewe hakuweza kuandika nota. Aliyemwandikia ni mtu mwingine wa ukoo wa jina hilohilo, wasiokuwa na undugu. Na dansi ya pamoja ambayo kila mtu huiona kuwa ndiyo Ayalandi yenyewe, keili, hafla yake ya kwanza ya aina ile ilifanyika mwaka 1897 papa hapa London, katika ukumbi wa Bloomsbury, na walioiandaa walichukua wazo kwa Waskoti wa mjini humu.

Nyumbani kwenyewe, Ayalandi, katika miaka iliyofuata, mambo hayakuwa mepesi. Sheria ya mwaka 1935 ililazimisha kumbi za dansi ziwe na leseni ya mahakama, na dansi za majumbani, jikoni kwa jirani, zikaandamwa. Kwa hiyo kwa muziki ule ughaibuni kulikuwa ni ghala, lakini pia ni kiwanda.

Nasi tuna kisa chetu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zile zilizotoka ng'ambo ya bahari ndizo zilizompeleka kila mji wa pwani. Ndiyo maana sipendi kuwasikia jamaa waliobaki nyumbani wakiwaambia watoto wetu wa London kwamba taarab yao itakuwa ya bandia. Huenda itakuwa tofauti. Na tofauti ina gharama: sahani za Coleman zilipendwa kiasi kwamba mitindo ya mikoa mingine ilifunikwa kwa muda mrefu. Hilo tulijue mapema, tusifundishe watoto mtindo wa kikundi kimoja tukauita Zanzibar nzima.

Hatua chache kutoka ukumbini kwangu kulikuwa na Galtymore, jumba kubwa la dansi lililojaa Waayalandi kila mwisho wa wiki, chumba kimoja cha keili na kingine cha bendi za kisasa. Ndoa nyingi za parokia ile zilianzia humo. Lilifungwa mwaka 2008. Vijana walikuwa wanakwenda kwingine, wazee wamechoka, wengine wamerudi kwao au wamehamia vitongojini, na ardhi ya London ina bei. Magazeti yaliandika kana kwamba muziki wenyewe umezikwa. Haukuzikwa. Mama wa bati la biskuti alikuwa amestaafu kufikia wakati huo, na darasa lake liliongozwa na mmoja wa wale wasichana wawili niliowataja. Biashara kubwa ilikwenda na kizazi chake, na lile darasa dogo la ada kidogo likavuka.

Ni kweli Waayalandi walipata msaada ambao sisi hatuna. Tangu mwaka 2004 serikali yao ina mfuko maalumu wa kuzisaidia jumuiya za wahamiaji wao, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye utamaduni. Balozi zetu zingeweza kufanya jambo kama hilo kwa kiwango kidogo, angalau kwa kulipia nauli ya mwalimu mmoja wa ganuni kwa mwezi mmoja wa kiangazi. Lakini tazama tarehe: 2004. Hafla ya Bloomsbury ilikuwa 1897. Zaidi ya miaka mia moja walijiendesha kwa chai, bahati nasibu na bati la mlangoni. Hata filimbi ya bati inayoanziwa na watoto wao ilichaguliwa na mfuko wa mzazi, kwa kuwa ni rahisi. Wetu waanze na dumbaki na matari. Ganuni itakuja.

Jambo moja lina haraka kuliko darasa lenyewe. Mwaka 1968 ilitoka sahani iitwayo Paddy in the Smoke, ya muziki uliorekodiwa katika baa moja ya Holloway, London, vibarua na mafundi wakipiga siku yao ya mapumziko. Wengi waliosikika humo wamekwisha kufa, na wapigaji wa leo bado wanawasikiliza. Mwaka 1987 Dublin wakaanzisha hifadhi ya muziki wao wa asili, ambayo hupokea kila kitu, hata kaseti za jikoni. Sisi hapa London, na Muscat, na Toronto, na Copenhagen, tuna wazee waliopiga na kuimba katika vilabu vya Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa miaka ya hamsini na sitini. Mwaka jana tumezika wawili, hakuna aliyewarekodi. Kama unaye mzee wa namna hiyo katika ukoo au mtaani kwako, mwendee wiki hii na simu yako. Mwombe apige au aimbe anachokikumbuka, hata nusu, hata bila ala. Mwanzoni mwa rekodi taja jina lake, jina la wimbo, alijifunza kwa nani, mji gani na tarehe ya leo, kisha nakala moja mpe mtoto wake, na nyingine iweke mahali ambapo hata ukipoteza simu haitapotea.